Udongo wa Kumpandia Mochi

Februari 3

Leo tumerusha maharage ya kufukuzia mashetani, mimi na mama mkwe, wawili tu. Miaka yote mume wangu Tadayoshi ndiye aliyevaa barakoa ya shetani na kukubali kupigwa. Mwaka huu hapakuwa na wa kupigwa, tukayarusha uani. Mama ana miaka tisini na miwili na shabaha yake bado nzuri. Mawili yamenipata shingoni na hajaomba radhi.

Nimeamua kuandika kidogo kidogo mpaka tarehe tisa Mei, siku mume wangu atakapotimiza mwaka tangu atutoke. Binti yetu Madoka anasema kuandika kunasaidia. Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Nilizoea kuandika kiasi cha chumvi na idadi ya sahani, basi. Tutaona.

Februari 4

Theluji kidogo. Supu ya figili.

Februari 7

Baridi imepasua chungu cha Mochi.

Nieleze, maana Madoka akija kusoma haya atasema mama yake kachanganyikiwa. Mochi ni mmea wa msituni ambao Tadayoshi alimlea chunguni. Jina lake kamili ni yukimochi, mochi ya theluji, kwa sababu katikati ya ua lake, ambalo nje ni jeusi la zambarau, husimama kidude cheupe, laini, cha mviringo, sawasawa na donge la wali uliotwangwa. Wakati wa baridi hakuna cha kutazama. Ni chungu cha udongo tu, na ndani yake kiazi kimelala. Tadayoshi alimchimba kwenye mteremko wa juu mwaka aliozaliwa Madoka, kabla mierezi haijakatwa. Siku hizi ukipanda huko humwoni hata mmoja. Wezi wa maua wamewamaliza. Mwaka jana alipochanua Tadayoshi alikuwa kitandani, na siku ya kumlaza kwenye jeneza tuliweka chungu kichwani pake. Vuli ikaja, Mochi akazaa mbegu nyekundu, kigunzi kizima, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nataka achanue tarehe tisa Mei, mbele ya madhabahu ya nyumbani, watu wakiwa wamekuja na kasisi anasoma. Sitaki kitu kingine mwaka huu.

Basi leo asubuhi chungu kimekuwa vipande viwili na udongo umemwagika baraza nzima. Kiazi kizima, hakijaguswa, kikubwa kama ngumi ya mwanamume. Nimekifunga kwa gazeti na kukiweka kwenye boksi. Udongo nimefagia na kuutupa kwenye tuta la vitunguu majani nyuma ya jiko, kama kila kinachofagiliwa nyumba hii. Kila mtu anajua udongo mzee haurudiwi, una magonjwa.

Ndipo nilipokumbuka kwamba sijui udongo mpya ni upi. Tadayoshi alikuwa akichekecha barazani kanipa mgongo, nami nilikuwa na yangu jikoni. Vichekecheo vyake vitatu vimetundikwa pale pale. Vimeoshwa safi, havisemi kitu.

Februari 9

Amekuja Bwana Nishimori, yule aliyekuwa mkuu wa posta, rafiki wa mume wangu tangu wakiwa wanafunzi. Kila Februari huja na mfuko wa kanuma, zile kokoto nyepesi za njano zinazotoka kwenye majivu ya volkeno huko mbali mashariki. Mwaka huu pia kaja nao, amembebea mfu. Nimeupokea kwa mikono miwili na kumpa chai. Amekunywa vikombe vitatu, hajasema la maana.

Nimemwonyesha kiazi. Amekigeuza kwa uangalifu mkubwa, mno kwa maoni yangu.

"Shemeji, ukichoka naye, mimi nipo," amesema.

Nikamwambia sijachoka. Wakati wa kuondoka kageuka langoni akicheka. "Usisahau kuniwekea juu, nizione kokoto zangu." Mzee mzima, majivuno ya mtoto. Ninahisi anamtaka Mochi. Watu wa maua ndivyo walivyo, wanakungojea uchoke.

Februari 10

Jirani Katsuko kasikia. Kaleta ndoo yake ya kila mwaka, mboji ya majani ya mwaloni, nyeusi, inanukia msitu baada ya mvua. Anasema mmea wa msituni lazima ule cha msituni, na kwamba kokoto za njano ni za watu wanaopenda mawe kuliko maua. Nimeshukuru kwa mikono miwili. Kaondoka na machungwa makubwa matano.

Februari 12

Madoka katuma kifurushi kutoka mjini Kochi. Udongo wa dukani, wenye mbolea ndani, na picha ya mwanamke mzuri kwenye mfuko anayecheka na waridi. Kapiga simu kuuliza kama umefika. Nimesema umefika, asante, ni mzuri sana.

Februari 13

Nimekaa barazani na mifuko miwili na ndoo, kiazi katikati, nikaona aibu kama mtu aliyechumbiwa na watatu. Nikitumia wa Nishimori, Katsuko ataona siku akija, naye huja kila siku. Nikitumia wa Katsuko, Nishimori ataona nimemvunjia heshima marehemu na yeye. Wa binti yangu nikiutupa ataujua kwa sauti yangu kwenye simu.

Penye wengi hapaharibiki neno. Nimechanganya udongo wa wote watatu, bakuli kwa bakuli, mtu asione kapunjwa. Nimeminya konzi moja kama ninavyominya wali wa kufunga. Ukashikana vizuri, haukubomoka. Nimefurahi. Kiazi kimeingia chungu kipya, nikamwagilia.

Mama alikuwa dirishani akimenya chungwa. Alinitazama mpaka mwisho bila kunikosoa, jambo ambalo si desturi yake.

Februari 15

Katsuko kaja kuangalia. Kaona kokoto za njano juu na midomo ikamrefuka. Alipotoka nikafunika na mboji yake.

Februari 16

Nishimori kaja. Bahati nilimwona toka barabarani. Nikakimbia, nikakwangua mboji ya Katsuko na kutandaza kokoto konzi mbili. Akachungulia, akaziona, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sikuona cha kuchekesha. Akanywa chai.

Februari 21

Tena.

Februari 24

Wamekutana. Nishimori ameingia kwa mbele na Katsuko kwa jikoni. Nilikuwa nimeweka nusu njano, nusu nyeusi, nikachora mpaka katikati kwa kidole. Wakasimama juu ya chungu bega kwa bega. Nishimori akasema hali ya hewa itabadilika. Katsuko akakubali kwamba itabadilika. Mama akacheka peke yake chumbani.

Machi 3

Mvua.

Machi 4

Mvua. Nimepanda viazi vya kula shambani katikati ya manyunyu, vipande vyake nimevipaka majivu kama kawaida.

Machi 9

Mvua. Chungu kizito. Uso wa udongo una ngozi ya kijani.

Machi 14

Simu ya Madoka. Anauliza Mochi ameota? Nimesema bado, ni mapema. Si mapema. Mwaka jana tarehe kama hii ncha yake ilikwishatokeza, imesimama kama pembe. Tadayoshi aliniita nije niione, nikamwambia nina mchuzi motoni.

Machi 18

Nishimori kaja, kachungulia, na safari hii hakucheka. Kauliza kama maji yanapita. Nikamwambia yanapita. Akaweka kiganja ubavuni mwa chungu, akakiinua kidogo, halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kama nitahitaji msaada niseme. Nikamjibu kwamba nitasema. Alivyokwenda nikaona hasira. Anangojea Mochi afe mikononi mwangu ili aseme kwake asingekufa.

Machi 20

Siku ya makaburi. Nimetengeneza vidonge vya wali na maharage matamu, tukampelekea Tadayoshi. Mama kapandishwa kilima mgongoni kwa mjukuu wa Katsuko. Kaburini kamwambia mwanawe kwa sauti kubwa kwamba wote wazima ila kiazi.

Machi 22

Leo nitaandika kirefu.

Asubuhi nimeinamia chungu nikasikia harufu. Mtu aliyewapikia watoto mia na ishirini kila siku hahitaji kuelezwa harufu hiyo. Ni ya kiazi kilichosahauliwa chini ya gunia. Nimekipindua chungu palepale juu ya gazeti. Udongo ulitoka mzima mzima, na umbo la chungu, unang'aa kwa maji. Udongo laini wa dukani umejaza kila nafasi kati ya kokoto, mboji imelainika juu yake, kukawa uji. Kile nilichokisifu, kwamba unashikana kama wali wa kufunga, ndicho kilichomzamisha. Wali unashikana kwa sababu hauhitaji kupumua.

Kiazi upande mmoja kigumu, upande wa pili kidole kinazama. Mizizi yote ya upande huo imekuwa kamasi. Lakini chipukizi juu bado jeupe, limekaza, urefu wa kidole gumba.

Nimenoa kisu cha jikoni. Nikakata palipooza, nikakata tena, mpaka nilipofika nyama nyeupe isiyo na doa. Imebaki kidogo kuliko nusu. Utomvu wake unawasha kama wa magimbi, na mikono yangu mpaka sasa imevimba, naandika kwa shida. Nikapaka majivu ya mkaa pale nilipokata, kama viazi vya shamba. Sijui kama inafaa. Ndicho ninachokijua.

Nilimweka kwenye kisahani, nikatafuta mahali pakavu penye hewa, na pakavu kuliko pote nyumba hii ni mbele ya madhabahu. Nikamweka hapo, mbele ya picha ya Tadayoshi. Mama akaja na fimbo yake kusali, akaona.

"Unampa mwanangu kiazi kibovu?"

Nilianza kucheka, kisha nikaanza kulia. Sijalia hivi hata siku ya mazishi. Siku ile kulikuwa na watu wa kulishwa. Mama alikaa chini kwa shida, akanishika mkono, akauachia upesi kwa sababu ya muwasho, akajifuta kwenye nguo yangu. Akakaa na mimi mpaka nikanyamaza.

Nimemkasirikia Tadayoshi leo. Mtu anakufa taratibu miezi minne, ana muda wa kunieleza bomba lipi hufunguliwa kwanza na kodi ya shamba hulipwa wapi, na udongo hasemi. Nimemwambia hivyo usoni, kwenye picha.

Machi 23

Kidonda cha kiazi kimekauka. Lazima apate udongo ndani ya siku chache, chipukizi halingoji. Kanuma tupu? Mboji tupu? Nikikosea mara hii hakuna cha kukata tena.

Sijamwambia mtu. Katsuko kaja, nimemwambia Mochi kalala.

Machi 25

Nimekwenda kung'oa vitunguu majani vya supu. Mvua za juzi zilikuwa zimebomoa ukingo wa tuta, na pale ulipokatika nikaona njano. Nikasema ni zile nilizokwangua mwezi uliopita. Lakini mimi nilimwaga juu, na hizi ziko chini, kina cha mkono. Nikachimba kwa jembe. Tabaka la kokoto za njano, tabaka la mboji nyeusi ya mwaloni, udongo wa kawaida, halafu njano tena, halafu nyeusi tena. Keki nzima. Chini kabisa kokoto zimeoza zimekuwa tope la rangi ya haradali.

Nikakaa juu ya ndoo. Kila Februari Nishimori alileta mfuko, mume wangu akaupokea kwa mikono miwili. Kila mwaka Katsuko alileta ndoo yake, mume wangu akamshukuru. Na vyote vikaja hapa. Nimekuwa nikipika vitunguu hivi umri mzima nikijisifu vinavyonenepa.

Yule mtu mpole, aliyekuwa hawezi kumfukuza hata muuza bima. Nilicheka mpaka kuku wa Katsuko wakanyamaza.

Basi hakutumia wa huyu wala wa yule. Nikatambaa mpaka mwisho wa tuta, pale nilipotupa udongo wa chungu kilichopasuka. Mvua ilikuwa imeuosha, umekaa juu unaonekana punje punje. Vijiwe vyekundu, vyepesi, vya ukubwa wa maharage, ukiviminya havivunjiki na havishikani. Katikati yake vipande vya mkaa na mboji kidogo. Ni udongo uliopikwa. Na mimi udongo uliopikwa naujua, nimekaa mbele ya majiko umri wangu wote.

Hapa kwetu udongo uliopikwa kwa wingi namna hiyo uko mahali pamoja tu, juu kule, kwenye tanuri la mkaa la baba mkwe lililoanguka kabla sijaolewa.

Nilikwenda kwa Mama na punje kiganjani. Hakushtuka.

"Wa tanuri," alisema. "Mie na baba yake tumelikandika kwa mikono hii. Tada alikuwa akipanda kila vuli na mfuko."

"Mama, ulijua siku zote?"

"Hukuniuliza. Kila aliyeleta ulimwambia asante, mzuri sana. Nikasema huyu kajifunza kwa mumewe, atavimwaga kwenye vitunguu."

Machi 26

Nimepanda mlimani. Saa mbili za njia, kwa mtu wa magoti yangu. Nguruwe mwitu wamelima kingo zote. Tanuri limebaki nusu duara, paa limeingia ndani, ukuta mwekundu unamomonyoka wenyewe na kuanguka chini ukiwa tayari, kama mkate mkavu. Hewa inapita. Nilichekecha palepale, nikajaza mfuko wa mgongoni, na kutoka chini ya mwaloni ulioota mlangoni nikachukua mboji kidogo, konzi chache tu, kwa sababu mchanganyiko wa Tadayoshi ulikuwa nayo kidogo.

Ubavuni mwa tanuri, pasipofikiwa na mvua, kuna bati, na chini ya bati makreti mawili ya machungwa yamepinduliwa, yanatazamana. Kati yake kopo la chai limepata kutu. Mtu mmoja hahitaji makreti mawili. Nimekaa kwenye moja. Nilijisikia vizuri, nikakaa kuliko nilivyopanga.

Jioni Mochi ameingia chunguni. Maji nikiyamimina juu yanasikika yakitoka chini kabla sijaweka birika. Juu sijatandaza kitu.

Machi 31

Hakuna kitu.

Aprili 5

Micheri imechanua kando ya mto, watu wamekwenda na vyakula. Sikwenda. Hakuna kitu.

Aprili 8

Katsuko kaona udongo mwekundu. Nilimwambia ukweli kwamba mchanganyiko ulioza na makosa ni yangu. Akauliza mboji yake nimeipeleka wapi. Nikasema kwenye vitunguu. Akafikiri. Akasema basi mwaka huu nimpe vitunguu, na nikampa. Hilo ndilo nililoliogopa miezi miwili.

Aprili 12

Nishimori haji. Tangu ile siku ya kushika chungu hajakanyaga. Nilidhani nitafurahi. Leo nimejikuta natazama barabara.

Aprili 17

Mama ana homa. Mvua.

Aprili 18

Mama hajala. Daktari kasema ni mafua tu, lakini katika umri huo. Usiku kucha nimekuwa kwake. Kauliza Mochi ameota? Nikamwambia bado. Akasema basi na yeye atasubiri, haoni haraka.

Aprili 21

Mama kala uji mabakuli mawili, kalalamika chumvi haitoshi. Amepona.

Aprili 23

Ameota!

Ncha ya zambarau yenye madoa, nyembamba kama kalamu ya risasi. Nimemwita Mama. Akaletwa barazani na blanketi lake, akavaa miwani, akatazama kwa muda.

"Kakonda," akasema.

Aprili 26

Anapanda. Jani limekunjwa kama mwavuli. Moja tu, mwaka jana yalikuwa mawili.

Aprili 30

Jani limefunguka, vidole vitano. Chini yake kuna kitu kimefungwa. Siandiki zaidi nisije nikakitia mkosi.

Mei 4

Ni ua. Dogo, limebana. Jua kidogo tu siku hizi, mawingu. Siku tano.

Mei 7

Bado limefunga. Nimepika mashina machanga ya msituni yale machachu, yamechemshwa na kutolewa uchachu, tayari kwa wageni. Madoka kafika na mumewe. Kauliza udongo wake ulifaa? Nimesema uliwafaa vitunguu. Kanikodolea macho, kisha kacheka. Kicheko cha baba yake kabisa, sikuwahi kukitambua.

Mei 9

Asubuhi lilikuwa wazi.

Si kubwa kama la mwaka jana, nusu yake labda. Lakini lile koti jeusi limesimama wima, mistari myeupe ndani, na katikati mochi yenyewe, nyeupe, safi, mtu anataka kuibonyeza. Nimelibeba mwenyewe mbele ya madhabahu. Kasisi alisoma, moshi wa ubani ukapita juu yake, Mama akasinzia kidogo katikati na kuzinduka mwishoni kama kawaida ya watu wazima. Nilimtazama Tadayoshi kwenye picha nikamwambia moyoni kwamba tumefika.

Nishimori alikuja. Alikaa nyuma kabisa ya watu, karibu na mlango. Walipoondoka wengine akabaki, akasogea kwa magoti mpaka kwenye chungu, akagusa udongo. Akanyanyua punje nyekundu, akaiweka kiganjani.

"Umepanda kwenye tanuri," alisema.

"Nimepanda. Kuna makreti mawili."

"La kushoto ni langu." Akairudisha punje chunguni. "Mfuko wa udongo huu ulikuwa ukishushwa na nani, shemeji, unadhani? Yeye mgongo ulikuwa mbovu."

Nikamwuliza, kama alijua, kokoto zake za kila mwaka zilikuwa za nini. Akaona haya, mzee wa miaka sabini na tatu, masikio yakawa mekundu. Akasema mkono mtupu haulambwi. Mtu hawezi kuja kwa mwenzake kila Februari bila kitu mkononi, kukaa tu na kunywa chai, watu watasema hana kazi. Basi akaleta kokoto. Mwaka wa kwanza Tadayoshi alizimwaga kwenye vitunguu, yeye akamkamata akizimwaga, wakacheka mpaka wakakaa chini. Toka hapo ukawa mchezo wao. Akija, Tadayoshi hutandaza konzi moja juu ya chungu, kwa heshima kubwa, na yeye huchungulia na kuzisifu.

"Wewe nawe ulipozitandaza," alisema, "nikajua kakufundisha. Nilicheka siku ile kama vile nimemwona yeye. Nilipokishika chungu kikawa kizito ndipo nikaelewa kwamba hukuwa unacheza. Nikashindwa kusema. Nitamwambiaje mtu zawadi yangu inaua? Nikaenda nyumbani, nikashindwa na kurudi."

Nilikuwa nimemwazia mabaya huyu mtu tangu baridi, na alikuwa anakuja kumtafuta rafiki yake kwenye chungu. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba nilidhani anataka kumchukua Mochi. Alisema hapana, kwake kuna jua kali mno, angekufa kwa wiki. Halafu akainama, akachungulia chini ya ua, pale mrija unapokutana na shina, akaniita nije nione. Kuna kitobo kidogo hapo, pa kupita mdudu.

"Dume," alisema. "Jike halina mlango huo. Mdudu akiingia kwa jike ndiyo basi. Kwa dume anaingia, anajipaka unga, anatoka na kwenda zake. Kuzaa kwa mwaka jana kumemchosha, wakichoka hurudi kuwa madume. Si kosa lako hilo. Akinenepa atarudi kuwa mama."

Mama, ambaye tulidhani amelala, akafungua jicho moja.

"Dume tena, na leo," akasema. "Kama ni Tada, muulizeni basi bomba lipi hufunguliwa kwanza."

Tulicheka sote watatu, na mimi nililia kidogo, na hakuna aliyejifanya haoni.

Nishimori alipokuwa akivaa viatu nikaona kitu nyuma ya mlango. Mfuko wa kanuma. Kaubeba mpaka kwenye hitima, na akaona haya kuuingiza ndani. Nikaupokea kwa mikono miwili. Nikachukua konzi moja, nikatandaza juu ya chungu cha Mochi mbele yake, taratibu, nikazisawazisha kwa kidole.

Akachungulia. "Nzuri sana," alisema.

Halafu tukazizoa tena juu ya chungu, hata punje moja tusiache, tukazunguka nyuma ya jiko na mfuko wote, tukaumwaga kwenye vitunguu.